KUHAMIA DODOMA: TAFUTA SHULE KWANZA, NYUMBA BAADAYE

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kuhama. Sisemi kuhama kwa mtu mmoja na sanduku lake. Huyo hana shida kubwa: atapanga chumba popote, atakula kwa mama lishe, na ikifika Ijumaa jioni yuko njiani kurudi kwake. Nasema kuhama kwa familia nzima, yaani baba, mama, watoto watatu au wanne kila mmoja na darasa lake, bibi mwenye siku zake za kliniki, dada wa kazi, magodoro na jiko la mkaa. Na kwa kuwa mfano mzuri ni ule tunaoufahamu, nitauchukua mji wa Dodoma, kwa sababu katika miaka hii nyumba nyingi za watumishi zimefungashwa kwenda huko, na nyingine bado zinaendelea kufungashwa.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, kama mnavyokumbuka, ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoizoea kwa jina la CDA. Ikapita zaidi ya miaka 40, watumishi wengi wakienda Dodoma kwa safari za Bunge tu, kisha wanarudi Dar es Salaam kwa watoto wao. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali yote itahamia. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikakabidhiwa manispaa, Aprili 2018 manispaa ikawa jiji, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa kule Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta watu 765,179. Mji uliokaribia kuongezeka maradufu kwa miaka kumi, bila shaka nyumba zake zimeongezeka. Mwenye fedha hujenga haraka. Madarasa je? Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Tazameni jinsi wengi wetu tunavyohama. Barua ya uhamisho inatoka. Baba anampigia simu rafiki yake aliyetangulia, naye anampa namba ya dalali. Dalali anamtembeza nyumba tatu kwa siku moja, ya kwanza mbaya makusudi, ya pili ghali makusudi, ya tatu ndiyo aliyotaka aichukue tangu mwanzo. Ina geti, ina marumaru sakafuni, ina luku yake. Kodi inalipwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kuwa haki yake, na mzee anapiga simu nyumbani kwa furaha: tumepata nyumba. Baada ya hapo, juma moja kabla ya shule kufunguliwa, ndipo anapoanza kuulizia watoto watasoma wapi.

Mimi nasema mpango huo umepinduliwa miguu juu kichwa chini. Nyumba ni kitu chepesi. Ukiikosea, kodi ikiisha unahamia mtaa wa pili kwa mkokoteni. Shule huibadili kwa wepesi huo. Mtoto aliyehamishwa mara mbili kwa mwaka mmoja hupoteza walimu, hupoteza marafiki, hupoteza na ile hamu ya kunyoosha kidole darasani. Basi itafutwe shule kwanza, kisha nyumba itafutwe kuizunguka shule hiyo, hata kama marumaru hayatakuwepo.

Tuutazame mji wenyewe ulivyokaa. Mji wa zamani uko katikati, kandokando ya reli ya kati: Uhindini, Majengo na soko lake, Makole, Chamwino, na Kikuyu ilipokuwa sekondari ya Mazengo, ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Pembeni yake ziko zile zilizopewa herufi na wapangaji wa mji, yaani Area A, Area C na Area D. Upande wa barabara ya Arusha utakutana na Miyuji, na mbele yake Msalato. Upande wa barabara ya Singida kuna Kizota, na huku Nkuhungu. Ofisi za wizara sasa zimekwenda upande wa mashariki kabisa: barabara ya Dar es Salaam unaipita Nanenane na Nzuguni, unaipita Ihumwa, ndipo unafika Mtumba, kilometa kumi na kitu kutoka katikati ya mji. Ramani hii ni muhimu kuliko picha za nyumba anazokutumia dalali kwenye simu.

Maana tuseme mtumishi amependa nyumba Nkuhungu kwa sababu kodi ni nafuu. Ofisi yake ni Mtumba, na kazi inaanza saa 1:30 asubuhi. Mtoto mdogo kapata nafasi shule iliyo Area D, mkubwa yuko sekondari Makole. Huyu bwana kila alfajiri atauvuka mji wote, ama kwa gari lake akiwasambaza watoto njiani, ama kila mtu kwa daladala yake. Watoto wataamshwa saa kumi na moja. Watakuwa getini mwa shule kabla mlinzi hajaamka vizuri, au watachelewa wakute wenzao wamekwisha kufagia na kushika namba, waadhibiwe kwa kosa la ramani. Jioni mambo yanageuka, mtoto wa miaka saba anakaa kwenye ngazi za darasa akimngoja baba yake mpaka giza. Nyumba ilikuwa nafuu kwa elfu hamsini kwa mwezi; hesabuni wenyewe nauli, mafuta na usingizi.

Nyumba, kazi na shule ni pembetatu. Kama huwezi kuzileta pembe zote tatu pamoja, basi pembe mbili zikae karibu, na mimi ningependa ziwe nyumba na shule. Mtu mzima ana miguu mirefu. Baba au mama atapanda basi la watumishi mpaka Mtumba, atasinzia njiani, hatakufa. Lakini mtoto wa darasa la pili anayeweza kutembea dakika kumi na tano kwenda shule na majirani wenzake, bila kuvuka barabara kuu, huyo ana mali ambayo mshahara hauinunui. Na hili la barabara kuu nalisisitiza. Barabara ya Dar es Salaam inabeba malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo mchana na usiku. Ukipata shule nzuri ng'ambo ya barabara hiyo, nenda kaangalie kwa macho yako watoto wanavukaje.

Sasa, shule yenyewe utaijuaje? Wengi hukimbilia matokeo ya mtihani. Matokeo yana maana, siyadharau, lakini lazima yasomwe kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Baraza la Mitihani huweka wazi matokeo ya kila shule, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyafungua. Tuseme shule ya binafsi inajisifu kwamba wanafunzi wake wote 45 wa kidato cha nne wamepata daraja la kwanza na la pili. Vizuri. Sasa rudi nyuma miaka miwili, fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyohiyo, uhesabu walikuwa wangapi. Ukikuta walikuwa 70, uliza wale 25 wamekwenda wapi. Wengine huenda wamehama na wazazi wao kama wewe unavyohama. Lakini kuna shule, na serikali imezikemea zaidi ya mara moja, ambazo huwachuja watoto wasiofikia wastani wa shule, wakarudishwa darasa au wakaambiwa watafute shule nyingine, ili jina la shule lisichafuke. Shule inayong'aa kwa kuwaondoa wadhaifu ni hatari kwa mtoto mgeni, maana mtoto mgeni katika muhula wake wa kwanza ndiye dhaifu. Kwa shule ya msingi hesabu ni hiyohiyo: linganisha darasa la nne na darasa la saba miaka mitatu baadaye. Baraza lenyewe, kuanzia matokeo ya mwaka 2022, liliacha kutangaza zile shule kumi bora kitaifa. Wazazi wengi walinung'unika. Mimi naona lilifanya vema, kwa sababu orodha ile ilikuwa inatuondolea kazi ya kufikiri.

Baada ya karatasi, nenda shuleni kwa miguu yako, na uende siku ya masomo. Usiende likizo ukaonyeshwa majengo matupu yaliyopigwa rangi. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 katika chumba kimoja. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali, kuanzia mwaka 2016, watoto wameongezeka mno, na katika mitaa mipya utakuta chumba kimoja kina idadi ambayo mwalimu hawezi kuwajua kwa majina. Hilo si kosa la mwalimu mkuu, wala usimfokee. Muulize kwa adabu darasa la mwanao lina wangapi na lina mikondo mingapi. Tazama vyoo, na hasa vya wasichana, kama kuna maji na mlango unaofunga. Uliza kama watoto wanapata uji au chakula cha mchana, na wazazi wamekubaliana kuchangia nini. Omba, kama inawezekana, kutazama daftari moja la mtoto yeyote wa darasa hilo. Usitazame mwandiko. Tazama tarehe na alama ya kalamu nyekundu: mwalimu alisahihisha mara ya mwisho lini? Daftari lililosahihishwa juzi na jana linasema mengi kuliko hotuba ya siku ya wazazi.

Kuna jambo la lugha, na hapa nawaomba wazazi wa Dar es Salaam wanisikilize kwa makini. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza mpaka darasa la tano, ukimhamishia shule ya Kiswahili kwa kuwa ada ya huko mpya imekuzidi, atakuwa mgeni mara mbili. Hesabu anazijua, lakini mwalimu anaposema kigawe kidogo cha shirika, yeye anatazama dari. Hajui kwamba anaulizwa kitu alichokifaulu mwaka jana. Walimu watamwita mzito, wenzake watamwita mzungu. Kinyume chake nako kupo: mtoto wa Kiswahili anayeingizwa shule ya Kiingereza darasa la sita, kwa sababu posho ya uhamisho imeingia na baba anaona fahari, mara nyingi hurudishwa nyuma darasa moja au mawili. Maoni yangu ni kwamba mwaka wa kuhama usibadili lugha. Badili mji tu, hiyo yatosha kwa mwaka mmoja. Kama ada ni nzito, zipo shule chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama tunavyoona Olympio na Diamond pale Upanga. Uliza katika ofisi ya elimu ya jiji unakokwenda kama ipo ya namna hiyo na kama ina nafasi. Na ukiikosa, afadhali umweleze mtoto mapema, umpe vitabu vya Kiswahili vya darasa lake mwezi mzima kabla ya safari, kuliko kumtupa majini ajifunze kuogelea mwenyewe.

Watoto wa madarasa ya mtihani ni mlango mwingine. Darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili na kidato cha nne hawahami hovyo. Watahiniwa huandikishwa mapema katika mwaka, na jina likishaingia katika orodha ya shule fulani, kulitoa ni kazi. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, hao wengine kati ya Oktoba na Novemba. Kwa hiyo, ikiwa barua yako imetoka Machi na mwanao yuko darasa la saba, mwache amalize kwa shangazi au kwa jirani mnayeaminiana, kisha Septemba umfuate. Lakini jihadharini na kosa la pili: kuwaacha watoto wote wanne Dar es Salaam miaka mitatu kwa sababu kila mwaka kuna mmoja aliye darasa la mtihani. Katika familia yenye watoto wanne mwaka usio na mtihani haupo. Anayebaki ni yule mwenye mtihani tu.

Tena kumbukeni kwamba mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba Dar es Salaam kwa kawaida hupangiwa sekondari ya kutwa ya hukohuko. Shughuli ya kumhamishia Dodoma inaanza majina yanapotoka. Usingoje Januari, sare zimekwisha kushonwa. Na kwa mtoto yeyote wa shule ya msingi, usiondoke na barua ya uhamisho mkononi ukadhani kazi imekwisha. Siku hizi kila mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa kumbukumbu unaotumiwa na Baraza la Mitihani, ule wanaouita PReM. Shule ya zamani imtoe humo na shule mpya impokee humo. Mtoto anayekaa darasani Dodoma huku jina lake bado liko Temeke hugundulika siku ya kuandikisha watahiniwa, na siku hiyo simu za mwalimu mkuu wa zamani huwa hazipokelewi. Cheti cha kuzaliwa nacho kiwe mkobani, kisiwe kwenye kabati lililofungwa kamba juu ya lori.

Wapo watakaosema: ya nini taabu yote hii, si nitawapeleka bweni? Kwa wakubwa, sawa, ingawa mimi si mshabiki. Kwa wadogo njia hiyo imefungwa: tangu Machi 2023 serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Waliolalamika ni wazazi wenye kazi nyingi. Watoto sikuwasikia wakilalamika.

Haya, shule umeipata. Sasa tuitafute nyumba, na mtaa ulio na nyumba hiyo.

Dodoma, wasikilizaji, ni nchi kavu. Mvua yake haifiki milimita mia sita kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtu wa pwani akifika Agosti akakuta vumbi na upepo, atakuambia hapa hakuna habari ya mafuriko. Kumbe lile bonde kavu lenye mchanga mweupe nyuma ya nyumba, ambalo watoto wanachezea mpira, ni korongo, na Januari linashuka maji ya vilima vyote. Nyumba ya Dodoma inafaa itazamwe Februari. Kama huwezi, tazama kuta za majirani chini, kama zina mstari wa tope uliokauka, na mwulize mama anayeuza maandazi pale njiani maji hupita wapi. Dalali hatakwambia. Mama wa maandazi hana kamisheni.

Maji ya bomba ni suala la pili. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa kutoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, vilivyochimbwa kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu. Usiulize kama nyumba ina bomba, kila nyumba inalo. Uliza maji hutoka siku zipi na kwa saa ngapi, na kama kuna tangi, la lita ngapi, na nani analijaza. Familia ya watu saba haiishi kwa ndoo tatu.

Jambo la tatu haliandikwi katika mkataba wowote, nalo ni watu. Kuna tofauti kubwa kati ya mitaa ya zamani na mitaa mipya. Majengo au Chamwino nyumba zimebanana, kelele zipo, na fundi wa magari anaweza kuwa amepanga mbele ya dirisha lako. Lakini pale watu wamekaa miaka mingi. Mtoto akionekana barabarani saa nne asubuhi na sare, yupo mzee wa Kigogo atakayemuuliza wewe mtoto wa nani, mbona hukwenda shule. Huko Ilazo, Iyumbu au Ihumwa utapata hewa, nafasi ya bustani na nyumba mpya; Shirika la Nyumba limejenga Iyumbu, Wakala wa Majengo amejenga Nzuguni. Ila kila nyumba ina ukuta, kila mtu ni mgeni, na wote huondoka alfajiri kwenda kazini. Kutoka saa nane mchana watoto wanaporudi shule hadi saa kumi na mbili jioni, mtaa mzima unalindwa na madada wa kazi na televisheni. Sisemi msikae huko. Nasema ukikaa huko, jenga ujirani kwa makusudi katika mwezi wa kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, tena uende na watoto awaone sura. Msikitini, kanisani, kwenye kikundi cha kina mama, popote, ijulikane kwamba ninyi mpo na hawa ni watoto wenu.

Na msiwe na haraka ya kununua kiwanja. Mgeni wa Dodoma hushikwa na homa ya viwanja kabla hajajua upepo unatoka upande gani. Migogoro ya viwanja katika mji huu ni habari ya siku nyingi, kiwanja kimoja kugombewa na watu wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake. Panga nyumba mwaka mmoja. Mwaka ukiisha utakuwa umejua shule imewafaa au haikuwafaa, na hapo utajua ujenge upande gani. Na kabla ya kutoa fedha, namba ya kiwanja ikahakikiwe katika ofisi ya ardhi ya jiji. Usiihakiki kwenye kibanda cha chipsi.

Nimesema mengi habari ya watoto, na mama sijamgusa. Katika nyumba nyingi barua ya uhamisho ina jina la mtu mmoja, lakini inahamisha kazi mbili. Kama mwenzi naye ni mtumishi, mwalimu au muuguzi, anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenzake, na sababu hiyo inakubalika, ingawa barua hutembea kwa mwendo wake. Shida ni yule mwenye biashara. Mama mwenye meza ya vitenge Kariakoo, ambaye kwa miaka kumi amejenga wateja wake mmoja mmoja, huwezi kumwambia Jumatatu kwamba Jumamosi tunahama, eti kwa kuwa huko kuna soko kubwa la Job Ndugai. Wateja hawahami na lori. Biashara yake ndiyo inayolipa ada na sare, na pengine ndiyo iliyolipa kodi ya hiyo nyumba mpya. Katika hesabu za kuhama, miezi sita ya biashara yake kuyumba iandikwe kama gharama kamili, sawasawa na nauli ya lori, na yeye awe wa kwanza kuulizwa tunahama lini.

Kwa ajili ya ugumu huo wengi wameamua kutohama kabisa. Baba anapanga chumba Dodoma, familia inabaki Mbagala au Tegeta. Zamani basi la Ijumaa lilikuwa linawachosha, kilometa 450 kwenda na 450 kurudi, na uchovu huo ulikuwa unawasukuma kuamua. Sasa kuna treni ya umeme. Tangu ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anatoka ofisini Ijumaa na usiku huohuo amelala nyumbani kwake Dar es Salaam, safari isiyofika saa nne. Ni treni nzuri, nami nimeipanda kwa furaha. Lakini imetuletea kishawishi: imefanya ubaba wa Ijumaa kuwa rahisi kuvumilika. Mwaka wetu wa shule una siku 194 za masomo, na karibu zote ni Jumatatu hadi Ijumaa. Baba wa Ijumaa hayupo hata siku moja kati ya hizo. Hayupo siku mtoto anaporudi na jicho limevimba, wala siku mwalimu anapomwita mzazi saa nne asubuhi. Anafika Jumamosi na matunda ya zabibu, watoto wanamfurahia kama wanavyomfurahia mjomba, na nidhamu yote imebaki mgongoni mwa mama, ambaye naye ana meza yake Kariakoo. Kwa miezi sita jambo hili ni busara. Kwa mwaka mmoja linaeleweka. Kuna nyumba ninazozijua limekwenda mwaka wa sita, na mtoto aliyeachwa darasa la kwanza sasa anavuta sauti nzito ya kiume, mbele ya baba ambaye bado anamletea pipi.

Basi, ikiwa familia imeamua kwenda, nendeni wawili kwanza, baba na mama pamoja, siku mbili za katikati ya muhula, kabla hamjamlipa dalali shilingi. Mfike stendi ya Nanenane Jumapili jioni, mlale. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi msimame katika kituo cha daladala cha mtaa mnaoufikiria, mhesabu zinapita ngapi zimejaa kabla moja haijasimama, na mtazame kondakta anawafanya nini watoto wenye nauli ya mwanafunzi. Saa moja muwe getini mwa shule. Mchana mtembee kwa miguu kutoka shule hadi nyumba mliyoonyeshwa, na saa mkononi, kwa hatua za mtoto. Jioni mgonge mlango wa jirani mwulize habari ya maji. Mkirudi, wakubwa kati ya watoto waambieni mliyoyaona, ya kupendeza na yasiyopendeza, nao waulize maswali yao. Mara nyingi watauliza kitu kimoja ambacho hakuna mkubwa aliyekifikiria, kama vile huko mpira unachezwa wapi.

Na kama mnahama katikati ya mwaka, wanunulieni masweta kabla ya kupanda gari. Mtoto wa Dar es Salaam hajui asubuhi ya Dodoma ya mwezi wa Julai ikoje, na juma la kwanza katika shule mpya si juma la kutetemeka.